Kauli ya Balozi

Waliokamatwa walikuwa wamekalishwa chini kwenye uwanja wa ofisi ya kata, miguu imenyooshwa mbele, mikono juu ya magoti. Viatu vyao vilirundikwa karibu na bomba, makubadhi, raba na ndala zilizofungwa kwa waya, maana mtu asiye na viatu hafiki mbali kwenye changarawe iliyopata jua. Mmoja alikuwa amenyolewa nusu kichwa. Mgambo walimkuta kwenye kiti cha kinyozi, wakamtoa na shuka la kinyozi shingoni, na shuka lenyewe alikuwa nalo bado. Wengine walikuwa na magamba ya samaki mikononi, wametolewa soko la samaki la Feri. Mwanamke mmoja aliomba tena na tena aruhusiwe kwenda kuzima jiko aliloliacha linawaka chumbani, na hakuna aliyemjibu.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa operesheni ya wasio na kazi. Sukari ilikuwa imeadimika, sabuni watu walianza kuisahau harufu yake, na wakubwa walikuwa wameamua kwamba njaa ya mji inaletwa na watu waliojaa mjini bila shughuli. Dawa ikawa kuwakamata na kuwapakia kwenye lori wakalime. Aliyeajiriwa alitoa kadi ya kazi mfukoni akaachiwa. Lakini fundi viatu wa barazani, muuza kahawa, mchoma mihogo, hao nani angewapa kadi? Hao waliachiwa mabalozi wao, wajumbe wa chama wa kila nyumba kumi. Balozi alisimamishwa mbele ya mtu, akaulizwa kama anamtambua. Akisema ndiyo, mtu anavaa viatu vyake anakwenda zake. Akisema hapana, lori.

Balozi Mwinyimvua alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, pamoja na mabalozi wenzake. Alikuwa mzee wa Kizaramo, mpakiaji mizigo mstaafu wa bandarini, mwenye nyumba ya vyumba sita mtaa wa Mchikichi aliyoachiwa na baba yake. Asubuhi ile alikwisha kuwaokoa wengi. Mmoja wao alikuwa mvivu wa kupindukia, hana shughuli yoyote duniani, na balozi alimtambua kwa moyo mweupe kabisa. Aliona ndiyo maana ya kuwa balozi.

Ndipo mgambo wawili walipomleta Marcelino.

Mwinyimvua alipomwona, moyo wake ulichangamka. Marcelino alikuwa Mngoni wa kutoka Songea, mpangaji wake wa chumba cha uani, fundi wa makatambuga. Kila siku alikaa kwenye baraza ya nyumba ile na kisu chake kikali na vipande vya tairi, akikata, akitoboa, akishona. Nusu ya wachukuzi wa soko la Kariakoo walitembelea kazi ya mikono yake. Lakini kwa Mwinyimvua hakuwa mpangaji wala fundi. Alikuwa mtani. Mngoni na Mzaramo, tangu enzi za mababu, hawakasirikiani. Wanatukanana asubuhi mpaka jioni, na anayenuna ndiye mshamba. Mama yake Mwinyimvua alipofariki, Marcelino ndiye aliyerukia ndani ya kaburi lililochimbwa, akajilaza chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Siku ile Mwinyimvua alimpenda kuliko ndugu wa tumbo moja.

Kamanda wa mgambo, Eliakimu, alikuwa kijana wa kutoka Upareni ambaye hakuwa na muda mrefu kwenye kata ile. Aliyemtangulia alikuwa mtoto wa mtaa uleule, anayejua nani mtani wa nani. Kwenye misako ya zamani mabalozi na watani wao walipigana vijembe mbele yake mpaka yeye mwenyewe akaishiwa nguvu kwa kucheka, kisha akasema, haya, nendeni nyumbani. Eliakimu alikuwa amepigwa pasi. Hata kofia yake ilikuwa imepigwa pasi.

"Huyu anasema ni wa kwako," alisema. "Marcelino. Eti anashona makatambuga. Unamtambua?"

Ulimi wa Mwinyimvua ulitangulia, kama ulivyokuwa ukitangulia kila alfajiri kwenye baraza.

"Huyu? Simjui hata kidogo! Mngoni huyu, panya wote wa mtaa wetu kawala yeye. Mpakieni akalime, labda atapata adabu."

Mabalozi wenzake waliangua kicheko. Mgambo mmoja alijikausha akashindwa, akageuza uso. Marcelino mwenyewe alicheka kuliko wote, akajipiga paja.

"Nipakieni, lakini na yeye apande!" alisema. "Mzaramo huyu tangu azaliwe jembe kaliona kwenye bendera ya chama tu!"

Kicheko kikazidi. Ilikuwa asubuhi mbaya, watu walikuwa na hofu tangu kulipopambazuka, na kicheko kile kiliwaingia kama maji kwenye koo kavu. Eliakimu peke yake hakucheka. Alitazama lori lililosimama karibu na lango, akatazama nafasi iliyobaki, akaonyesha kwa kidole.

"Balozi amesema. Lori."

Marcelino akaenda, bado anacheka. Alipanda mwenyewe, akashika bomba la turubai, akageuka. "Mtani! Mwambie Klara nimekwenda kukulimia, peke yako utakufa njaa!" Mwinyimvua alifuta machozi ya kucheka kwa kiganja. Angeweza kusema palepale. Lakini utani una utamu wake. Mtu hauachii njiani, anaungoja uive kwanza. Na tayari walikuwa wamemletea mtu mwingine, muuza kahawa wa nyumba ya nne, akamtambua, kisha mwingine tena, naye akamtambua. Alipogeuka, dereva alikuwa amewasha moto.

"Kamanda," alisema, akiwa na tabasamu bado, "mteremshe sasa yule Mngoni wangu."

"Yupi?"

"Marcelino. Nilikuwa namtania."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Ni mtani wangu. Mngoni na Mzaramo, bwana. Sisi hatusemeshani ila hivyo. Waulize hawa wote."

Mabalozi wenzake walikuwa wameacha kucheka. Mmoja alikohoa. Mwingine aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Mzee," alisema Eliakimu polepole, "mimi nimekuuliza swali la serikali, umenijibu mbele ya watu. Sasa unaniambia ulikuwa unaichezea operesheni?"

"Sijaichezea operesheni. Ni mpangaji wangu huyu, ana mke na mtoto, ana kazi..."

"Lori lilitakiwa lijae kabla ya adhuhuri. Limejaa. Una neno, peleka kwenye kamati."

Lori lilianza kusogea. Marcelino alikuwa bado ameshika bomba, anamtazama balozi mdomoni, anasubiri lile neno la kumaliza. Tabasamu lake lilikuwepo, ila lilikuwa limesahauliwa tu usoni. Lori lilipokata kona ya lango, ndipo sauti yake ilipotoka, nyembamba, si ya utani tena.

"Mtani, basi! Mtani, imetosha!"

Mwinyimvua alikimbia. Mzee wa umri wake, kanzu imeshikwa mkononi, alikimbia nyuma ya lori mpaka barabara kubwa, na huko vumbi na moshi wa dizeli vikamshinda. Viatu vya Marcelino vilibaki kwenye rundo pale bombani.

Klara, mke wa Marcelino, alikuwa uani anamenya mihogo, binti yao Hyasinta mgongoni. Mwinyimvua alisimama mbele yake akatafuta pa kuanzia.

"Klara, mumeo kachukuliwa."

"Kachukuliwa na nani, majini?" alisema bila kuinua kichwa.

"Na lori la operesheni. Nimesema simjui."

Klara akacheka. Alicheka kwa roho safi, akaendelea kumenya. "Mzaramo wewe, jua lote hili umekosa la maana la kusema? Kamwambie huyo aliyejificha nyuma ya mlango atoke, mihogo haijimenyi."

"Klara."

"Mtoke wote wawili, mniletee maji."

"Klara, wallahi."

Ilimchukua muda mrefu kumsadikisha. Aliapa, akaapa tena, na kila alivyoapa ndivyo alivyozidi kufanana na yeye yule wa kila siku, mzee mpenda mzaha. Mwishoni Klara alimtazama miguuni, akaona vumbi lililopanda mpaka magotini na ukucha wa kidole gumba unavuja damu. Kisu kikamtoka mkononi. Hakulia wala hakumtukana. Aliuliza swali moja tu.

"Sasa wewe ulikuwa unacheka nini?"

Kamati ya ulinzi na usalama ya kata ilikutana wiki ile. Kamati ile ndiyo iliyowekwa kuwaangalia mgambo, kupokea malalamiko ya wananchi dhidi yao na kuyatolea uamuzi. Mwenyekiti wake alikuwa diwani, Ndugu Kitwana. Katibu wake, anayekaa mkono wa kulia wa mwenyekiti na kumnong'oneza, alikuwa kamanda wa mgambo, Eliakimu. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya kikao diwani alimvuta Mwinyimvua pembeni, nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya maji.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Kitwana, wewe mtoto wa mtaa wa Mchafukoge. Haya mambo sikufundishi. Siku ya harusi yako watani walimkamata bi harusi mlangoni, wakakaa naye mpaka ulipomkomboa. Nilikuwepo."

"Nakumbuka." Diwani alitabasamu kidogo. "Nayajua yote, mzee. Hata niliposimuliwa, kwanza nilicheka."

"Basi mrudishe mtu."

Diwani alitazama chini. Alikuwa mtu mpole, kila mtu alisema hivyo, na hata siku ile hakupandisha sauti.

"Kata yetu imesifiwa mkoani. Tumekuwa wa kwanza. Sasa mimi niende niseme, samahanini, mmoja tulimpakia kwa utani? Wataniuliza, na wengine je? Wangapi mmewapakia kwa utani? Wataanza kuchambua lori zima."

"Wachambue! Si ndiyo kazi ya kamati?"

"Mzee wangu, nisikilize. Ndani nitakuuliza swali moja. Ama siku ile ulisema kweli, ama uliidanganya operesheni. Ukisema uliidanganya, itabidi tujiulize asubuhi ile ulidanganya mara ngapi. Wale uliowatambua wote tutawaita tena, mmoja mmoja. Na yule kijana wa nyumba ya saba, yule asiye na kazi yoyote. Kamanda anamjua."

Mwinyimvua aliwaona wote kwa pamoja, muuza kahawa, mchoma mihogo, yule mvivu na mama yake mgonjwa wa miguu. Na tuseme ukweli, aliona pia kiti chake. Aliona duka la kaya, sukari na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, vinavyogawiwa kwa jina la balozi, na heshima anayopewa akipita. Baadaye, usingizi ulipomkimbia, alijitahidi kujiambia kwamba alikuwa amewaona watu tu. Hakufanikiwa, maana alikuwa mtu mkweli kwa nafsi yake, na hilo ndilo lililomuumiza.

Klara alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa ukumbi. Hakuruhusiwa kuingia kwa sababu hakuwa mjumbe, na hakufukuzwa kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

"Balozi Mwinyimvua," alisema diwani, sasa kwa sauti ya kikao. "Kuna malalamiko kwamba mgambo walimchukua mtu kimakosa. Siku ya operesheni uliulizwa kama unamtambua Marcelino. Ulijibu nini?"

"Nilisema simjui."

"Ulisema kweli au uliidanganya operesheni?"

Ukumbini palikuwa na meza, benchi na picha ukutani. Eliakimu alikuwa akimtazama bila chuki yoyote, kama mtu anayengoja basi. Mwinyimvua alifungua mdomo. Alikuwa na maneno, jamani, mzee huyu hakuwahi kukosa maneno maishani mwake. Alitaka kusema kwamba kuna kauli ya tatu, ambayo si kweli wala si uongo, ambayo watu wake waliishi nayo kabla hapajakuwa na kata wala kamanda. Alimtazama diwani ili amsaidie kuisema. Diwani akainamia meza.

"Nilisema kweli," alisema Mwinyimvua.

"Kamati imeridhika kwamba mgambo walifanya kazi yao ipasavyo," alisema diwani.

Mlangoni, Klara alisimama, akafunga vizuri kanga ya mgongoni, akaondoka.

Baada ya hapo Mwinyimvua alizunguka. Alivuka Kigamboni kwa pantoni, akaulizia kwenye vijiji walikopelekwa watu wa malori ya mwanzo. Hakuna aliyemjua Mngoni mwenye mdomo. Aliambiwa wengine wamepelekwa Ruvu. Ruvu akaambiwa wengine walipelekwa Tanga kwenye mkonge, na kwamba huko watu hutoroka, na wakitoroka hakuna anayewatafuta. Mtu mmoja alisema alimwona fundi mmoja mfupi, anaumwa homa, kalala chini ya gari. Marcelino alikuwa mrefu. Mwinyimvua alishukuru, halafu njiani akajiuliza kama mgonjwa hawezi kuonekana mfupi.

Nyumbani, baraza ilikuwa kimya. Vipande vya tairi vilikuwa pale vilipoachwa, mtu hakuthubutu kuviondoa. Klara alianza kufua nguo za watu mtaa wa pili. Alipita mbele ya balozi asubuhi na jioni. Zamani angemwambia, Mzaramo, umeamka au ndiyo umekufa? Naye angejibu, nimekufa, kanipikie hitima. Sasa Klara alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama afanyavyo mtu kwa mkubwa wa serikali.

"Shikamoo, balozi."

"Klara, nitukane," alimwambia siku moja. "Nakuomba. Niite mbwa, niite chochote."

"Siwezi kukuvunjia heshima, balozi," alisema Klara. Akachukua ndoo yake.

Mwisho wa msimu ule wa operesheni palikuwa na mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule. Watu walifika mapema kwa sababu ilivuma kwamba kesho yake duka la kaya litagawa sukari, na nyumba ambayo haikuonekana mkutanoni ingeweza kusahauliwa. Mgambo walisimama pembeni, pande zote. Mabalozi walipewa viti vya mbele, wakiwatazama wananchi. Mwinyimvua alikaa katikati yao na kanzu yake iliyofuliwa, akiomba moyoni jina lake lisitajwe.

Diwani alizungumzia usalama. Alisema wizi umepungua, mitaa imesafishwa, mgambo na wananchi sasa ni kitu kimoja. Alisema kata nyingine zimeharibiwa na mabalozi wanaowaficha jamaa zao. Kisha akageuka, akanyoosha mkono.

"Lakini sisi tunaye mfano. Tunaye mzee aliyeletewa mtu wa nyumba yake mwenyewe, rafiki yake, mtani wake. Akaulizwa mbele ya umma. Hakupepesa macho! Alisema, simjui, mpakieni akalime! Ndugu wananchi, hao ndio wazalendo. Kuanzia leo balozi Mwinyimvua atasimamia ulinzi wa mtaa mzima. Simama, mzee wetu, wakuone."

Mkono ulimshika kwapani, ukamnyanyua. Makofi yakaanza mbele, karibu na meza, yakaenda nyuma kama mvua inavyopita juu ya mabati. Mwinyimvua alitafuta mahali pa kuweka macho. Aliwaona muuza kahawa na mchoma mihogo wanapiga makofi bila kumtazama. Akamwona yule mvivu, anapiga kwa nguvu zote, mama yake pembeni. Halafu upande wa wanawake, mstari wa tatu, akamwona Klara.

Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, Hyasinta mapajani. Mgambo mmoja alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, anakagua mikono isiyopiga. Klara alimtazama balozi usoni bila hasira. Alimhamishia mtoto kwenye paja moja ili mikono ipate nafasi, akaanza kupiga makofi. Wengine walipoacha, yeye aliendelea.